Udhu katikati ya maandamano
Ikiwa wewe ni Mwislamu na unakwenda kwenye maandamano ya amani kwa mara ya kwanza jijini Dar es Salaam, hakikisha kwanza kwamba waandaaji walitoa taarifa polisi angalau saa 48 kabla, kama sheria inavyotaka. Kisha fikiria swala ya adhuhuri. Kwa wengi wetu tunaofuata madhehebu ya Shafii, kugusana ngozi na mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu (yaani asiye jamaa ambaye ni haramu kuoana naye) hutengua udhu, na katika msongamano wa Kariakoo jambo hilo haliepukiki kirahisi (mikono mirefu husaidia kidogo tu); kwa hiyo beba chupa ya maji, na ujue mapema msikiti ulio karibu na njia, mathalani wa Mtoro, ili uchepuke, uswali, kisha uwafuate wenzako.