Kabla ya kwenda Lukenya, kagua vidole

Vidole vingi vinavyochubuka mwambani viliachwa bila kuangaliwa jana yake. Sisi tunaopanda miamba ya Lukenya, kilima kilicho kule Athi River, Kenya, tunaujua ule mwamba: chembe zake zinakwaruza kama msasa. Kwa hiyo jioni kabla ya safari, keti chini ya taa ukague kidole kimoja kimoja. Pitisha gumba juu ya sugu. Ukihisi ukingo umeinuka, usugue kwa msasa laini mpaka ulingane na ngozi ya pembeni, ila usiimalize sugu yote, maana ndiyo ngao yako. Mimi niliupuuza ukingo kama huo Jumamosi moja. Kishikio cha mwambani kiliunasa, kipande cha ngozi cha ukubwa wa punje ya mahindi kikabaki kinaning'inia, na saa nne asubuhi siku yangu ilikuwa imekwisha.

Kata kucha. Pete iache nyumbani, hata kama ni ya ndoa, kwa sababu ikinasa kwenye ufa wakati unaanguka inaweza kuchuna kidole chote.

Mkobani tia maji safi ya ziada, sabuni, mkasi, vitambaa safi vya kufungia kidonda na plasta ndefu ya kitambaa. Zile plasta ndogo ndogo hubanduka kwa jasho na chaki tunayopaka mikononi ili isiteleze. Ngozi ikichanika, osha kwanza chaki na mchanga wote, rudisha kipande mahali pake, kausha, kisha funga. Majivu na dawa ya meno visikaribie kidonda. Ukishafunga, bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi isiporudi ndani ya sekunde mbili, umekaza mno. Kumbuka pia mwaka uliodungwa sindano ya pepopunda: ikiwa imepita miaka 10, pitia kliniki kabla ya safari.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni jeraha lisilotoa damu. Misuli inayokunja vidole iko kwenye kigasha. Inavuta kano ndefu, na kano hizo hushikizwa kwenye mfupa na mikanda midogo. Ukining'inia kwa ncha za vidole kabla mwili haujapata joto, mkanda unaweza kukatika, mara nyingi wa kidole cha pete. Panga muda wa kuanza kwa kupanda njia mbili tatu nyepesi za mwambani, hata kama wenzako wana haraka. Ukisikia "pa!" na maumivu upande wa kiganja, kidole kikaanza kuvimba, siku hiyo hupandi tena. Plasta haiungi mkanda uliokatika. Nenda kwa daktari akapime kwa ultrasaundi. Na kwa kuwa ukiwa juu utatamani kumalizia, kubaliana mapema na anayekushikia kamba: akisikia mlio huo, akushushe bila mjadala.