Mmepoteana kwenye maafa? Jinsi ya kuomba kutafutiwa ndugu, na mnyama wako pia

Kabla ya kujaza fomu ya kumtafuta mtu, jiandikishe wewe mwenyewe kwamba u hai. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa akili yote iko kwa aliyepotea, kumbe naye yuko kituo kingine anaulizia jina lako. Nenda kwenye dawati la usajili la kituo cha waathirika, taja majina kamili ya wote ulio nao na namba ya simu inayopatikana. Ukihama, waage na uwaambie unakoelekea. Mtandao ukielemewa, tuma ujumbe mfupi, kwa sababu mara nyingi hupita hata pale simu ya sauti inapogoma.

Hatua ya pili ni kuripoti polisi na kuulizia hospitalini. Chukua namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, uitunze.

Siku zikipita kimya, peleka ombi la utafutaji kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu iliyo karibu nawe. Kazi ya kuunganisha familia Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikiifanya tangu vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870, na leo vyama vya kitaifa vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu hushirikiana kutafuta hata ng'ambo ya mipaka. Huduma hii ni ya bure. Anayekudai pesa ili "kuharakisha" jalada lako ni tapeli, usimpe hata senti.

Kwenye fomu ndipo pa kutulia. Utaulizwa jina la anayetafutwa, majina ya baba na mama yake, tarehe na mahali alipozaliwa, makazi yake ya mwisho, na lini, wapi na katika hali gani mliachana. Usiishie kwenye jina la kitambulisho. Andika jina la utani, jina la ukoo wake kabla ya ndoa, na namna zote ambazo jina hilo huandikwa, maana karani aliyechoka akikosea herufi moja tu, mtu anaweza kupotea ndani ya orodha. Tarehe usiyoijua, kadiria mwaka na useme ni makadirio. Kwa mtoto mdogo, eleza akiulizwa jina hujiita nani, na humwita nani mama yake. Mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba baba ana jina jingine zaidi ya "baba".

Aliyepatikana huulizwa kwanza kama anaridhia anwani yake itolewe. Akiwa ni mtoto, utahojiwa kwa kina na kutakiwa uthibitishe undugu kabla ya kukabidhiwa. Najua inavyouma kusubiri huku ukimwona kwa macho, lakini vumilia: maswali hayohayo ndiyo yanayomzuia mgeni asiondoke naye. Na wewe uliyeokota mtoto wa mwenzio, mwandikishe hapohapo. Usisafiri naye, hata kwa nia njema.

Mnyama naye ni wa nyumbani, usione haya kumtafuta. Kama ana chipu chini ya ngozi, pigia waliomsajili, uwape namba yako mpya ya simu na uwaambie amepotea. Chipu haionyeshi alipo. Hubeba namba tu, kwa kawaida ya tarakimu 15, na simu ya zamani ikibaki kwenye rejista hakuna atakayekupata. Kisha tembelea vituo vya wanyama kwa miguu yako, tena zaidi ya mara moja. Maelezo ya simu hayatoshi, kwani mbwa mweupe aliyegaagaa kwenye tope ataandikwa wa kahawia. Beba kadi ya chanjo na picha mkiwa pamoja. Kwenye tangazo, ficha alama moja umpime nayo atakayedai amempata. Uliza pia kituo huhifadhi wanyama kwa siku ngapi kabla ya kuwapa wamiliki wapya.

Paka mwenye hofu hujificha karibu na nyumbani na kutoka usiku, lakini usirudi huko mpaka wenye mamlaka waruhusu.

Mkishaonana, rudi ufunge kila ombi ulilofungua: polisi, Msalaba Mwekundu, kituo cha wanyama. Kuna mtu bado anapekua orodha akitafuta jina la ndugu yako, na saa hizo anazihitaji mwingine.