Nani apewe uhamisho? Kwa wakuu wa sekondari za kutwa za serikali

Shule zikifunguliwa Januari barua za wazazi humiminika, na kosa la kwanza ni kuanza kuzisoma kabla hujajua una viti vingapi. Hesabu mkondo kwa mkondo. Kiwango cha sekondari Tanzania ni wanafunzi 40 kwa darasa, kwa hiyo Kidato cha Tatu chenye mikondo 3 kinabeba 120. Usiiamini rejista peke yake: ita majina siku 3 tofauti, maana mtoro wa miezi mingi huwa bado yumo, na aliyehamia juzi hayumo. Angalia na vyoo, tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Ukibakiwa na nafasi 6, ziandike kwenye muhtasari wa kikao na uzibandike ubaoni. Idadi iliyobandikwa hupunguza simu za wakubwa.

Kisha weka kando maombi ambayo hata kiti kikiwepo hayamfai mtoto. Wa Kidato cha Pili au cha Nne aliyekwisha kusajiliwa NECTA (Baraza la Mitihani) ana namba ya kituo chake cha zamani; ukimpokea, huenda akarudi kulekule kufanya mtihani. Mtaala ulioanza 2024 nao una mtego wake: mwanafunzi wa mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, haendi shule isiyo na fani yake, hata kama iko mlango wa pili na kwao.

Yanayobaki yapeleke kwenye kikao cha mwalimu wa taaluma, wa nidhamu na wa ushauri nasaha. Kila ombi liulizwe: shida hii inaweza kumalizwa mtoto akiwa palepale alipo?

Usalama ndio wa kwanza. Aliyefanyiwa ukatili, au anayeishi karibu na aliyemfanyia, barua ya afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi inamtosha. Usimzungushe kwa karatasi zaidi. Hapa pia mweke msichana anayerejea baada ya kujifungua, jambo linaloruhusiwa tangu Novemba 2021. Anayekimbia masengenyo ya shule ya zamani ana sababu nzito.

Afya na ulemavu vinafuata. Ripoti ya daktari iseme mtoto anahitaji nini. “Anaumwa kifua” haitoshi, “asikae jirani na vumbi la machimbo” inaeleweka. Baada yake ni mzazi aliyehamishwa kikazi au mlezi aliyefariki: barua ya mwajiri, au ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Umbali huja mwisho, na upimwe kwa njia anayopita mtoto kwa miguu, si kwa barabara ya gari.

Alama zisiwe kigezo. Shule inayochagua wenye daraja la kwanza inaiba wanafunzi wa jirani, na wenye shida hubaki nje.

Kabla ya kusaini, mpigie mkuu wa shule anayotoka. Wapo wanaohama kukimbia kikao cha nidhamu.

Barua ikishapita kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, au mkoani kwa anayetoka nje ya halmashauri, hakikisha namba yake ya PReM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, imehamishwa. Isipohamishwa, anakaa darasani kwako huku akihesabiwa kwingine, na alama zake za tathmini endelevu zinakosekana wakati wa usajili.

Majina ya waliokosa yaandike kwa mpangilio uleule wa uzito. Kiti kisichofikiwa ndani ya siku 14 apewe anayefuata.