Mgahawa wako usimulie ziwa

Ukifungua mgahawa hapa Mwanza, kabla hujanunua picha ya mnara wa Eiffel ya kubandika ukutani, shuka kwanza mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki kando ya Ziwa Victoria. Ulizia mbao za mtumbwi uliochakaa. Zioshe, zikauke vizuri, kisha pitisha msasa kidogo tu. Ile rangi ya bluu iliyobanduka iache ionekane, maana ndiyo yenye kisa. Karabai kuukuu za wavuvi wa dagaa nazo zinapendeza mno: toa utambi, weka balbu ya mwanga wa njano, zining'inize juu ya meza. Menyu, kibao cha mlangoni na sare za wahudumu vifuate kisa hichohicho kimoja. Nyavu? Zifue kwa sabuni na ndimu kwanza, la sivyo wateja watahama meza.