Kagua titi lako kama unavyokagua sidiria ya mtumba

Nauza sidiria za mtumba soko la Gikomba, Nairobi, mwaka wa 11 sasa. Mteja wangu hatazami rangi kwanza. Anapitisha vidole ndani ya kikombe polepole, anatafuta waya uliokatika au sifongo iliyojikunja. Akigusa kasoro ndogo kama punje ya mtama, ananirudishia. Mwanamke huyohuyo nikimuuliza titi lake mwenyewe alilipapasa lini, anacheka: "Wacha hizo, mama, utaniitia ugonjwa."

Hakuna asiyeijua kansa ya matiti kwa jina. Ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Kenya kuliko kansa nyingine yoyote. Ila kujipapasa tunaogopa. Basi hivi ndivyo ninavyowaelekeza pale nyuma ya pazia la kujaribia.

Chagua siku. Kama bado unapata hedhi, ngoja siku chache baada ya damu kukata, titi likiwa limelainika; kabla ya hapo huvimba na kukutisha bure. Aliyekoma hedhi ashike tarehe moja. Mimi nimeshika tarehe 5, siku ya kulipa kodi ya nyumba, maana hiyo hata nikitaka kuisahau landilodi hataki.

Vua, simama mbele ya kioo. Mikono chini, kisha juu, kisha kiunoni ukijibana. Tazama ngozi iliyobonyea au yenye vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani na zamani haikuwa hivyo, upele wa chuchu usiopona, damu inayotoka bila wewe kukamua. Matiti kutolingana tangu usichana si ugonjwa. Ningeuza kikombe kimoja kimoja ningekuwa tajiri.

Sasa lala chali, weka mto chini ya bega la kulia na mkono wa kulia nyuma ya kichwa. Tumia vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto, pale penye nyama, si ncha za kucha. Usifinye! Ukifinya, titi lolote litakupa kidonge. Zungusha viduara vidogo: kwanza juujuu, kisha kwa nguvu kidogo, kisha mpaka uhisi mbavu. Ndipo usogee. Panda na kushuka kwa mistari kama unapiga pasi, kutoka mtulinga hadi chini ya pale waya wa sidiria unapokaa, na kutoka kwapani hadi katikati ya kifua. Kwapa usiliruke. Halafu geuza upande.

Titi lina vinundu vyake vya kawaida, utavizoea. Unachotafuta ni kigeni, kile ambacho mwezi jana hakikuwepo. Na usingoje mpaka kianze kuuma. Changu, mwaka 2017, kilikuwa kama harage, hakiniumi, nikasema kwanza nilipe karo. Miezi mitano. Zahanati ya kwanza nilipewa vidonge vya kumeza bila hata kufunguliwa blauzi. Nikaenda kwingine, nikapigwa ultrasaundi, nikadungwa sindano kutoa chembe za kupimwa. Haikuwa kansa, na vivimbe vingi si kansa, lakini hilo vidole haviwezi kukwambia. Ukiandikiwa dawa bila kuguswa, toka utafute daktari mwingine.

Soko lina hadithi zake: eti sindano huamsha kansa ikasambaa. Si kweli. Wala sidiria nyeusi, wala noti unazoficha humo, hazileti kansa, na sisemi hivyo kwa sababu ya biashara.

Kujipapasa hakutoshi, dada. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2018 unataka mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, kila mwaka ukiwa na miaka 40 hadi 55, kisha kila miaka 2 hadi 74. Ukiwa chini ya miaka 40, mwombe nesi au daktari akupime kwa mkono unapoenda kliniki. Kama mama au dada yako aliwahi kuugua, mwambie daktari mapema, usingoje 40.

Siku ya mamogramu vaa blauzi na sketi, si gauni, utavua juu tu. Usipake poda wala dawa ya kwapa, huonekana kwenye picha kama madoa. Titi linabanwa kati ya vibao viwili kwa sekunde chache. Linauma, sikudanganyi, na linaachiliwa. Piga simu uulize bei kabla ya kupanda matatu. Mwezi wa Oktoba hospitali nyingi hupima kwa bei ya chini au bure, ila foleni ni ya alfajiri. Omba picha na ripoti yako, zitunze nyumbani. Mwakani daktari atataka kulinganisha.

Ukitoka huko pitia kwangu. Jumanne nafungua mtumba mpya, na saizi kubwa ndizo huisha kwanza.