Kutafuta na kufunga mitutu mingine kwenye bunduki ya zamani ya mitutu miwili

Mitutu ya bunduki ya zamani haiuzwi kama spea za Land Rover, kwamba unataja modeli na mwaka, muuzaji anaishusha kutoka rafuni. Bunduki za marisau zilizotengenezwa Birmingham miaka ya 1880 hadi 1930 zilipigwa tupa kwa mkono. Hata mbili zilizotoka benchi moja, kwa fundi mmoja, wiki moja, mitutu yake haiingiliani bila kazi. Anayeuza mitutu "inayoingia moja kwa moja" hajui anachouza, au anajua na hakwambii.

Maelezo haya yanahusu hasa bunduki za Kiingereza za kaliba 12 zenye mfumo wa Anson na Deeley wa 1875, ule wa nyundo zilizofichwa ndani ya bodi, yaani kiwiliwili cha chuma kinachobeba mitambo na kushika mitutu. Kanuni zenyewe zinafaa pia kwa Parker na Fox za Marekani.

Kwanza hakikisha mitutu uliyonayo imekwisha kweli. Fungua bunduki uhakikishe haina risasi, vua mti wa mbele (ule wa kushikia chini ya mitutu), toa mitutu. Ining'inize kwa kamba iliyopita kwenye ndoano, ule mkato wa nusu duara unaokaa juu ya pini ya bawaba, kisha igonge kwa kiungo cha kidole. Mitutu mizima hulia kama kengele na mlio unadumu. Ikilia kama debe bovu, lehemu ya ribu, ule utepe wa chuma unaounganisha mitutu miwili, imeachia mahali. Kwa bunduki iliyokaa Mombasa au Tanga hilo ni la kawaida: unyevu wa chumvi hupenya chini ya ribu na kula chuma kwa nje, mahali jicho halifiki. Ribu iliyoachia hulehemiwa upya, na kama chuma chini yake ni kizima, huna haja ya mitutu mingine.

Kinachoua mtutu ni ufa, uvimbe, mashimo ya kutu ndani ya chemba (nafasi ya nyuma inapokaa risasi) au mbele yake kidogo, na ukuta uliokonda. Ukuta hupimwa kwa kipimo maalumu chenye mkono mrefu unaoingia ndani. Vernia ya kawaida inafika mdomoni tu, na mdomo hudanganya kwa sababu choki, yaani sehemu ya mbele iliyobanwa kwa ndani, huongeza unene pale. Sehemu nyembamba mara nyingi iko mbele ya katikati, kabla ya choki. Mafundi wengi wa Uingereza huweka mpaka kwenye milimita 0.5. Chini ya hapo, mkwaruzo mmoja tu wa kutoa bonde unaweza kuumaliza.

Sasa geuza mitutu chali usome mihuri ya majaribio, alama kwamba mitutu ilipigwa kwa majaribio na kuonekana salama, iliyo kwenye sehemu bapa karibu na chemba. Kaliba 12 maana yake ni kwamba tufe 12 za madini ya risasi zenye kipenyo cha ndani ya mtutu zina uzito wa ratili moja, na kipenyo hicho ni inchi .729, yaani milimita 18.5. Kwenye bunduki za kati ya 1887 na 1954, namba "12" ni .729, "13" ni .710, "13" yenye 1 chini yake ni .719, na "12" yenye 1 chini yake ni .740. Pima ndani, inchi 9 kutoka nyuma (sentimita 23 hivi). Kama muhuri unasema 13 juu ya 1 na wewe unapata .729, mtutu umesuguliwa hadi umetoka nje ya majaribio yake. Angalia pia herufi NP, zinazoonyesha ulijaribiwa kwa baruti ya kisasa. Mitutu ya damaski, ile yenye madoadoa ya mawimbi kwa sababu ilisokotwa kutoka nyuzi za chuma laini na feleji, mara nyingi ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Usipoona NP, usiipige kwa risasi za dukani.

Mitutu ikishathibitika kufa, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuagiza mitutu mipya kabisa. Hiyo ni kazi ya miezi mingi na gharama yake hupita thamani ya bunduki nyingi za kawaida. Ya pili ni kutafuta mitutu ya bunduki nyingine na kuilazimisha ikubaliane na bodi yako. Ya tatu ni kuivisha: fundi anakata mitutu ya zamani yapata sentimita 7 au 8 kutoka nyuma, anatoboa kile kipande cha nyuma, na kupachika humo mirija mipya ya chuma. Kwa bunduki ya kazi, kuvisha ndiyo njia bora, na sababu ni moja: nundu (vipande vya chuma chini ya mitutu vinavyoingia kwenye bodi), ndoano na mikato ya makomeo vinabaki vilevile vilivyozoeana na bodi miaka mia. Ile sehemu ngumu kuliko zote, ya kukutanisha chuma na chuma, haiguswi. Uingereza mitutu hiyo lazima ijaribiwe upya na igongwe neno SLEEVED. Thamani sokoni inashuka, lakini bunduki inapiga salama.

Ukichagua mitutu ya bunduki nyingine, nenda sokoni na vipimo vyako, jina la mtengenezaji halitoshi. Andika hivi: kutoka katikati ya pini ya bawaba hadi uso wa bodi, ule ukuta ambao mitutu hufungwa dhidi yake; upana wa nundu ya mbele na ya nyuma; upana wa mitutu yote miwili kwa pamoja pale nyuma; kimo cha mkato wa komeo; na urefu wa chemba. Kwa Parker, tafuta namba ya fremu, yaani ya ukubwa wa bodi, iliyogongwa kwenye nundu. Mitutu ya fremu 2 haiwezi kukaa kwenye bodi ya fremu 1, hata kaliba zikilingana. Mitutu unayoinunua iwe na chuma cha ziada kwenye ndoano na nyuma. Chuma kilichozidi hupunguzwa kwa tupa. Kilichopungua lazima kijazwe kwa kulehemu, na moto wa kulehemu ukisafiri hadi kwenye ribu, lehemu laini inayeyuka na mitutu inaachana.

Uwanja wa kutafutia ni minada ya silaha ya Uingereza na wauza vipuri wa Marekani kama Numrich. Kabla ya kulipa senti, nenda ofisi iliyokupa leseni. Mtutu ni sehemu ya silaha, na kuuingiza nchini bila kibali ni kesi, hata kama bunduki yako yenyewe imesajiliwa. Kazi ya kuufunga nayo ni ya fundi bunduki mwenye leseni. Hatua zifuatazo zitakusaidia kumfuatilia na kujua kama amefanya sawasawa.

Anaanza kwa kutoa vitoa ganda, ili visizuie mitutu kukaa. Anapima nundu dhidi ya nafasi zake kwenye bodi na kupunguza pembeni mwa nundu hadi ziingie bila kucheza. Tupa haigusi bodi hata mara moja. Bodi ndiyo rula ya kazi yote. Ukiikosea huna tena cha kupimia.

Kisha yanakuja masizi. Fundi anawasha kibatari cha mafuta ya taa, anapitisha ndoano na uso wa nyuma wa mitutu juu ya moshi hadi vifunikwe na weusi mwembamba, halafu anafunga bunduki taratibu na kuifungua. Palipogusana na bodi, masizi yamefutika na chuma kinang'aa. Anapiga tupa laini pale panapong'aa tu, mara mbili tatu, anapaka masizi tena, anafunga tena. Mzunguko huo unaweza kurudiwa mara mia. Anachotafuta ni mng'ao ulioenea kwenye ndoano yote na kwenye uso wote wa nyuma kwa wakati mmoja. Uso ukigusa juu tu na chini pamebaki weusi, mitutu bado haijakaa sawasawa. Haraka hapa haina dawa: tupa ikizidi kidogo tu, mitutu inalegea.

Hakikisha uthibitisho unafanyika mti wa mbele ukiwa umevuliwa. Mti wa mbele unasukuma mitutu nyuma na kuficha ulegevu, na wauzaji wengi huponea hapo. Bila mti huo, funga bunduki na karatasi ya sigara ikiwa kati ya mitutu na uso wa bodi: inatakiwa ibanwe. Mwanga ukipenya, haijakaa. Uwazi mwembamba kati ya sehemu bapa za chini si kosa. Nyuma ndipo pasiporuhusiwa.

Ulegevu haurekebishwi kwa kuponda ndoano kwa nyundo. Chuma kilichopondwa kinarudi baada ya risasi chache. Dawa ni pini nene zaidi ya bawaba, au ndoano ijazwe kwa kulehemu na kupigwa tupa upya.

Makomeo yanafuata. Komeo likiingia vizuri, mkono wa juu (wenzo wa kufungulia bunduki) unasimama kidogo kulia mwa mstari wa katikati, ukiwa na nafasi ya kusogea kushoto kadiri miaka inavyopita. Ukisimama kushoto siku ya kwanza, mkato umechimbwa kupita kiasi.

Kina cha ukingo wa ganda kwenye chemba kiwe kama milimita 1.85. Kikizidi, ganda linasukumwa mbele kipini kinapopiga fataki (kiwashio cha risasi), na risasi inaweza kugoma. Weka ganda la mazoezi lenye nta mahali pa fataki, vuta kifyatulio, uone alama imepiga katikati. Ndipo vitoa ganda vinarudishwa, na mwisho mti wa mbele unapigwa randa uendane na mitutu mipya.

Rangi nyeusi ya mitutu iwe ya kutu ya polepole, inayopakwa na kusuguliwa siku kadhaa. Beseni la magadi moto linalotumika kwa bunduki za kisasa linakula lehemu ya ribu, na mitutu iliyotumbukizwa humo hurudi ikiwa imeachana.

Kenya na Tanzania haziko kwenye C.I.P., umoja wa nchi zinazotambuliana mihuri ya majaribio ya silaha. Uingereza imo, na Falme za Kiarabu zimo. Kwa hiyo kama kazi inafanyika Birmingham au London, taka ijaribiwe hukohuko kabla ya kusafirishwa, na usikubali mzigo usio na muhuri mpya.

Mwisho piga karatasi. Simama mita 36.5, piga kila mtutu kwenye karatasi yake kwa kulenga nukta ileile, kisha chora duara la sentimita 76 pale marisau yalipojaa zaidi. Maduara mawili yakikaa karibu mahali pamoja, ribu zimelazwa sawa. Mtutu mmoja ukipiga kando waziwazi, mrudishie fundi alegeze ribu na kupanga upya. Na kama chemba ni ya milimita 65, andika namba hiyo kwenye sanduku la bunduki kwa wino usiofutika: ganda la milimita 70 linaingia bila shida, lakini likifunguka linaziba njia ya marisau na shinikizo linapanda.