Kibali cha Mnara na Milima ya Mbeya: Kupanga Kuondoka Songwe

Mwongozo huu ni kwa rubani anayeanza kuruka kwa kufuata vyombo (IFR) huku Nyanda za Juu Kusini, hasa asubuhi za ukungu, au masika mawingu yanapofunika vilele. Takwimu nilizotumia ni za kujifunzia. Siku ya safari fuata chati iliyo hai.

Hatua ya 1: Jua mlima ni wa nani

Kibali cha kuondoka kinakutenganisha na ndege nyingine. Doc 4444, hati ya taratibu za uongozaji ndege ya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), inasema bayana kwamba kuzuia ndege isigonge ardhi si miongoni mwa malengo ya huduma ya uongozaji ndege. Rubani ndiye anayehakikisha kibali alichopewa ni salama kwa upande huo.

Hali hubadilika pale mwongozaji anapokupa hedingi (mwelekeo wa kuruka) kwa rada, au anapokupa njia ya mkato inayokutoa kwenye njia rasmi. Hapo yeye ndiye anayepaswa kukuweka mbali na vikwazo mpaka ufike mahali utakapoendelea kujiongoza. Lakini kuambiwa umeonekana kwenye rada si sawa na kuongozwa kwa rada. Vijana wengi huchanganya mambo haya mawili, na ndiyo sababu nayarudia kila darasa. Na ukikubali kuondoka kwa kuona kwa macho, vikwazo ni vyako hadi kimo mlichokubaliana.

Hatua ya 2: Soma ardhi kabla ya kuwasha injini

Uwanja wa Songwe uko takribani futi 4,400 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Mbeya, chenye zaidi ya mita 2,800 (kama futi 9,200), kiko kaskazini-mashariki, maili za baharini kama 8 tu. Ukiruka kuelekea mashariki kisha ukakata kushoto kwenda Dar es Salaam, unaielekea safu hiyo. Kusini-mashariki kuna Uporoto na Rungwe.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Taratibu za kuondoka, kama chati haisemi vingine, hudhani unapanda asilimia 3.3, yaani futi 200 kwa kila maili. Katika maili 8 utakuwa umepata futi 1,600, basi uko kwenye futi 6,000, na kilele kiko futi 3,200 juu ya kichwa chako. Ukitaka kukivuka kwa nafasi ya futi 2,000, ambayo ndiyo kanuni ya IFR kwenye milima, unahitaji kufika futi 11,200: maili 34 kwa mpando huo. Kwa hiyo asilimia 3.3 inakulinda kwenye njia iliyochorwa tu. Mkato wa moja kwa moja ni hesabu nyingine kabisa.

Kupata futi kwa dakika, zidisha asilimia kwa kasi yako juu ya ardhi. Kwa noti 120 (maili za baharini 120 kwa saa), asilimia 3.3 ni kama futi 400 kwa dakika. Upepo ukikusukuma kwa nyuma hadi noti 140, unahitaji karibu 470. Kisha linganisha na jedwali la ndege yako kwa joto la siku hiyo: nyuzi 25 pale Songwe, injini na mabawa vinafanya kazi kana kwamba mko karibu futi 6,600.

Hatua ya 4: Fikiria injini moja imezimika

Mpando wa chati hudhani injini zote zinafanya kazi. Njia ya kujinusuru ni jukumu la mwendeshaji wa ndege, kwa hiyo iandike na umsomee rubani mwenzako mkiwa bado chini.

Hatua ya 5: Ongea mapema

Ukipewa zamu ya kushoto kabla hujafikia kimo chako, sema huwezi, kisha taja unachotaka: kuendelea mbele kwenye njia iliyochapishwa, au kupanda kwa kuzunguka juu ya uwanja hadi kimo salama. Mwongozaji haoni jedwali la ndege yako wala uzito uliopakia, na ombi lililo wazi humrahisishia kazi. Lifanye ukiwa bado kwenye maegesho, maana baada ya magurudumu kuinuka mikono yote miwili ina shughuli.